Kabla ya Kuwasha Rilei Nyumbani, Muulize Mama

Mwaka jana mama yangu alishukiwa kula pesa za chama. Hakuna aliyemwambia usoni. Lakini unajua vile wamama hunyamaza kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja anauliza, "Mweka hazina, tumefika wapi na ile ya tarehe tano?" Wengine wote wanasoma, alama za buluu zinawaka, na hakuna anayeandika kitu.

Aliyemletea hiyo aibu ni mimi. Na shida ni kwamba nilikuwa nafanya kitu kizuri.

Nilikuwa naendesha rilei ya Tor kwenye waifai ya nyumbani. Kama hujui Tor ni nini, nipe dakika moja. Ukifungua tovuti kwa njia ya kawaida, kampuni inayokuuzia intaneti inaona unaenda wapi, na tovuti yenyewe inaona umetoka wapi. Tor inaukata huo mstari. Ombi lako linafungwa kwa msimbo mara tatu, kama maganda ya kitunguu, halafu linapitishwa kwenye kompyuta tatu. Ya kwanza inakujua wewe lakini haijui unakoenda. Ya mwisho inajua unakoenda lakini haikujui wewe. Ya katikati haijui mwanzo wala mwisho. Ni kama zile mbio za kupokezana vijiti tulizokimbia shuleni: unamjua aliyekupa kijiti na unayempa, basi. Kila moja ya hizo kompyuta ndiyo inaitwa rilei.

Wazo lenyewe lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Leo programu inatunzwa na shirika lisilo la faida lililoanzishwa 2006, lakini rilei si zake. Ni za watu. Mwanafunzi mahali fulani, fundi wa kompyuta mahali pengine, chuo fulani, kikundi fulani cha marafiki. Ziko elfu kadhaa duniani na hakuna anayewalipa wenyewe. Nyingi zimejazana Ujerumani, Marekani na Uholanzi. Afrika tuko wachache sana, na hilo ndilo lilinichoma roho. Mtandao wa kujificha ambao kompyuta zake nyingi ziko nchi tatu ni kama kijiji chenye njia tatu tu za kutokea. Anayetaka kukuvizia anajua pa kusimama.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya ada, kwa hivyo sikuwa na maabara wala mwalimu. Nilikuwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi niliyonunua kwa mtu mtandaoni, na hasira. Hasira ilitoka Juni 2024. Tarehe 25 mwezi huo, siku ile Bunge lilivamiwa, intaneti ya nchi ilivurugika, na NetBlocks, watu wanaofuatilia mambo haya duniani, waliripoti hivyo. Miezi iliyofuata vijana walikuwa wakichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Kila mtu wa umri wangu alianza kuiangalia simu yake kwa jicho lingine. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, pesa zako zinapita humo humo, na ukitafuta jambo lolote kuna mahali linaandikwa. Nikasema na mimi nitatoa kitu, hata kama ni megabiti kumi tu.

Sasa wacha niwaambie ukweli kuhusu kuendesha rilei hapa kwetu, kwa sababu video nyingi zinaonyesha mtu akiandika mistari mitano, kisha anapiga makofi.

Shida ya kwanza ilikuwa mlango. Rilei lazima ifikiwe kutoka nje, yaani watu wasiokujua waweze kubisha kwako. Mimi niliwasha, nikasubiri, na logu ikawa inaniambia porti yangu haifikiki. Nikafungua porti 9001 kwenye rauta. Bado. Nikaamini nimekosea, nikafuta kila kitu, nikaanza upya. Bado. Siku ya nne ndio nikafikiria kulinganisha anwani mbili: ile rauta inadhani ndiyo yake, na ile tovuti za nje zinaona. Hazikuwa sawa. Ya rauta ilianza na 100.72. Anwani zote kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zimetengwa kwa kampuni za intaneti kugawia wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kwa lugha rahisi, mko ploti moja na geti moja, na mlinzi hajui mgeni anataka nyumba gani. Hapo hata ufungue porti mia, hakuna kitakachoingia. Nikapigia kampuni, nikaambiwa nikiongeza shilingi 500 kwa mwezi nitapewa anwani yangu peke yangu, isiyobadilika. Nikalipa. Ikumbuke hiyo 500, tutairudia.

Shida ya pili ilikuwa stima. Rilei hupewa heshima kulingana na muda inaokaa ikiwa hai. Ile inayozimika kila mara haiaminiwi kuwa mlango wa kuingilia watu. Na Raspberry Pi yangu haina betri ndogo ya kutunza saa. Stima ikipotea, ikirudi kompyuta inaamka ikidhani bado ni ile saa iliyozimika, na Tor haipendi saa iliyochelewa, kwa sababu orodha ya rilei zote hutengenezwa upya kila saa na ina muda wa kuisha. Mara mbili nilikaa usiku nikitafuta kosa kwenye programu, kumbe kosa lilikuwa saa. Ikibidi mkumbuke kitu kimoja hapa, ni hiki: angalia saa kwanza.

Shida ya tatu ilikuwa rauta yenyewe. Rilei inaweza kushika maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja, na rauta ya bure unayopewa ukiunganishiwa intaneti haikutengenezewa kazi hiyo. Ikifika jioni ilikuwa inaganda, na dadangu analia filamu imesimama. Nikapunguza kasi ya rilei, nikanunua rauta nyingine ya mtumba.

Ya nne ilikuwa subira. Rilei mpya haipati wateja mara moja. Siku tatu za kwanza inapewa matone, halafu kuna mashine maalum zinazoipima uwezo, na kazi kamili inaweza kuchukua zaidi ya miezi miwili kufika. Wengi wanazimia hapa. Wanadhani imeharibika, wanaifuta, wanaanza upya na ufunguo mpya, na hesabu inarudi sufuri. Ukilazimika kuhamisha rilei, beba folda ya funguo. Hiyo ndiyo jina lake mtaani.

Mimi nilivumilia. Mwezi wa tatu rilei ilikuwa inapitisha data usiku na mchana, rilei ya katikati tu, si ya kutokea. Hiyo ya kutokea usiijaribu nyumbani kabisa, kwa sababu tovuti zinaona anwani yako kana kwamba ni wewe uliyeingia. Mwaka 2017 Urusi ilimkamata Dmitry Bogatov, mwalimu wa hesabu Moscow aliyekuwa na rilei ya kutokea, kwa maandishi yaliyotoka kwenye anwani yake. Ilichukua zaidi ya mwaka mashtaka kuondolewa. Mimi nilijiona mjanja: niko katikati, sionekani, simdhuru mtu.

Ndipo tarehe tano ikafika.

Mama ni mweka hazina wa chama cha wamama kumi na wawili. Kila tarehe tano anatuma pesa za mzunguko kwa yule ambaye zamu yake imefika. Siku hiyo aliketi kwenye kochi, akafungua programu ya benki, ikakataa. "Huduma haipatikani kwa sasa." Akajaribu usiku, ikakataa. Asubuhi, ikakataa. Akaniita, nikaangalia, nikamwambia kwa ujasiri wote, "Ni benki, mum. Mitambo yao iko chini." Siku ya pili akapanda matatu hadi tawini, akapanga foleni, akaambiwa mitambo iko sawa kabisa. Lakini huko alikuwa ameenda na kitambulisho tu, kile kitabu cha chama na sahihi ya pili vilikuwa nyumbani. Akarudi bila kitu. Siku ya tatu ndio kundi likanyamaza vile nilivyowaambia.

Usiku huo, nikiwa nimelala, nikapata wazo nikaamka. Nikachukua simu yake, nikazima waifai, nikatumia bando langu la shilingi 20. Programu ya benki ikafunguka hapo hapo.

Nieleze kilichotokea. Orodha ya rilei za Tor ni ya wazi. Lazima iwe wazi, maana programu ya mtumiaji lazima ijue itapitia wapi. Kuna tovuti na kampuni zinazochukua orodha hiyo nzima na kuifungia mlango, bila kutofautisha rilei ya kutokea na ya katikati. Data ya mtu mwingine haikuwahi kutoka nyumbani kwetu kwenda kwa hiyo benki, haiwezekani, lakini anwani yetu ilikuwa kwenye orodha, basi. Na ile anwani isiyobadilika niliyoilipia 500 ndiyo ilikuwa imetiwa doa. Nilizima rilei usiku ule ule. Anwani ilikaa imefungiwa karibu wiki mbili.

Yaani mimi, mtu wa kulinda siri za watu nisiowajua, ndiye niliyefanya jina la mama yangu litiliwe shaka na watu anaowajua miaka kumi na tano.

Nilienda mwenyewe kwenye mkutano wa chama kueleza. Nilitaka kutuma ujumbe wa sauti, mama akakataa. "Utakuja useme na mdomo wako." Nikasimama mbele ya wamama kumi na wawili na chai, nikaeleza kwa bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, nikizipitisha kutoka mkono hadi mkono. Walielewa haraka kuliko wasee wengi nimewahi kuwaeleza. Mmoja, anayeuza mboga pale kona, akauliza, "Kijana wangu, hawa watu unawasaidia, unawajua?"

"Hapana, mama."

"Na mama yako unamjua?"

Walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini swali hilo limekaa nami.

Watu wawili wanaweza kulitumia vibaya swali hilo. Wa kwanza atasema: unaona sasa, achana na hayo mambo ya wazungu, saidia nyumbani kwanza. Simkubali. Huyo nisiyemjua ni mtu. Septemba 2022, Iran ilipobana intaneti wakati wa maandamano, watu wa huko waliingia kwa wingi kwenye Tor kupitia milango ya watu wa nchi nyingine. Desemba 2021 Urusi ilianza kuifunga Tor. Na si mbali tu: Januari 2021 majirani zetu Uganda walizimiwa intaneti nzima siku za uchaguzi. Hapa kwetu, Novemba 2023 na tena 2024, Telegram ilikatizwa wakati wa mitihani ya KCSE, na mtu aliyekuwa anaitumia kuuza viatu alikatizwa pamoja na wezi wa mitihani. Leo ni wao, kesho ni muuza viatu wa kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuna pia yule wa "kama huna cha kuficha unaogopa nini?" Wazee walisema mficha uchi hazai, sawa. Lakini hata anayezaa hufungiwa pazia. Karani anayejua basari ya wadi inaliwa anahitaji pazia. Msichana anayetafuta majibu ya kiafya kwenye kompyuta ya saiba anahitaji pazia. Katiba yetu, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha, na inataja mawasiliano kabisa. Haijasema "kila mtu mwenye kitu cha aibu". Ndio, kuna wahalifu wanaotumia Tor, sitawadanganya, masoko ya dawa za kulevya yamewahi kukaa humo. Lakini BBC pia iko humo tangu 2019, iliweka tovuti yake kwenye Tor ili waliofungiwa waisome. Barabara inabeba mwizi na ambulensi.

Wa pili anayelitumia vibaya hilo swali ni mtu kama mimi wa mwaka jana. Huyu anasema: kazi ni nzuri, kwa hivyo wa nyumbani wavumilie. Hapa ndipo nina maoni makali, na ndio sababu ya kuandika haya yote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo huo uwe wako. Mimi nilitoa waifai ambayo mama ndiye hulipa nusu yake. Nilitoa anwani ambayo dadangu hutumia kutafuta kazi. Nilitoa jina la nyumba. Sikumwuliza yeyote, eti kwa sababu hawataelewa. Si hivyo ndivyo wakubwa hutufanyia? Wanaamua data yetu iende wapi, halafu wanasema mambo ni ya kitaalamu, hatuwezi kuelewa. Nilikuwa napigania ridhaa ya watu wa Tehran nikiwa nimeruka ridhaa ya mtu anayenipikia.

Na si suala la adabu peke yake, ni suala la ufundi pia. Rilei inayoendeshwa kwa siri nyumbani haidumu. Mtu atachomoa waya apate mahali pa kuchaji simu. Mtu atabadilisha rauta. Mtandao huu unaishi kwa rilei zinazokaa, na rilei inakaa pale ambapo watu wa nyumba wanajua ni nini na wamekubali.

Kwa hivyo nilirudi kwa mama na pendekezo lingine: Snowflake. Hii ni njia ndogo zaidi ya kujitolea kwa Tor. Badala ya kuwa rilei iliyoandikwa kwenye orodha ya wazi, unakuwa kivuko cha muda. Mtu aliyefungiwa Tor anaunganishwa na wewe kwa muda, unampeleka hadi kwenye daraja la Tor, mnaachana. Anwani yako haichapishwi kwenye ile orodha inayofungiwa. Tovuti anazotembelea haziioni. Haihitaji kufungua porti, na inafanya kazi hata ukiwa kwenye anwani ya kugawana, ingawa hapo itawafaa watu wachache zaidi. Yaani ile 500 haihitajiki. Unaweza kuiweka kama kiongezi kwenye brauza ya laptopu, au kwenye kompyuta ndogo kama yangu. Tahadhari moja tu: usiiwashe kwenye bando la simu, itakula bando lote.

Mama aliuliza maswali matatu. Benki itakataa tena? Nikamwambia hiyo orodha iliyotuponza hatutakuwamo, na ikitokea shida yoyote nazima kwanza, nauliza baadaye. Polisi watakuja? Nikamwambia anayetoka upande wa pili hatoki na anwani yetu. Inakula stima ngapi? Nikamwambia chini ya balbu moja ya zamani, na tokeni nitaongeza mimi. Akafikiria. Akasema, "Sawa. Lakini uandike kwa karatasi vile inazimwa, uibandike hapo ukutani. Siku haupo nisibaki nikihangaika."

Hilo sikuwahi kuliona kwenye maelekezo yoyote ya kuendesha rilei, na ndilo la maana kuliko yote niliyowaandikia hapa. Karatasi ukutani. Kila mtu wa nyumba ajue kile kidude ni nini, kinamsaidia nani, na kinazimwaje.

Ukitaka rilei kamili, kodisha seva, soma masharti ya kampuni kwanza uone kama wanaruhusu Tor, na utafute nchi ambayo haijajaa rilei tayari. Mimi nakusanya pesa za hiyo. Mpaka zifike, niko na kivuko changu.

Na msidhani kitaokoa kila kitu. Waya wa nchi ukikatwa wote, Tor haina la kufanya. Ukiingia Facebook kwa jina lako, umejitaja mwenyewe. Hii ni kazi ndogo ya kuweka mlango wazi, usiku na mchana, kwa mtu ambaye hatawahi kusema asante.

Juzi stima ilipotea mtaa mzima, ikarudi saa tano usiku. Nilikuwa chumbani na simu. Mama akabisha.

"Wewe, kile kidude chako hakijawaka."

Nikatoka kuangalia. Ilikuwa saa, tena.